Kompyuta Ambayo Haikumzimikia Kabula

Nyinyi vijana mnaotengeneza kompyuta siku hizi mna haraka. Mteja hajamaliza kuketi, kava limeshafunguliwa na skrubu ziko mezani. Siwacheki. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nikiwa mtu mzima mwenye miwani. Sasa kazi nimeiacha, nipo Chanzuru nalima mahindi na nyanya kidogo, macho hayaoni tena skrubu ndogo. Lakini haupiti mwezi bila mmoja wenu kuja kuniuliza: Bibi Damari, nina kompyuta ya rafiki yangu, akicheza gemu inazimika, nianzie wapi? Nikimjibu aanze kwa kuuliza maswali, ananiangalia kama vile sikumsikia.

Basi niwaambie habari ya kompyuta ya Peresi. Nayo ilikuwa ya rafiki yangu, nayo ilizimika kwenye gemu, ila mimi hilo la gemu nililijua mwisho kabisa, baada ya kukaribia kumwachisha mtu kazi kwa mdomo wangu.

Mimi kompyuta sikuisomea ujanani. Nilijifunza taipureta, kwa Mzee Mbaruku, aliyekuwa fundi wa ofisi za serikali pale Kilosa. Mzee yule akiletewa mashine haigusi. Anamwambia mchapaji akae aandike jina lake mara tatu, yeye amesimama pembeni kafumba macho, anasikiliza. Siku moja alikuja karani wa mahakama, akalalamika kwamba akipiga herufi ya m, na n nayo inaruka. Nilikuwa nimeshaihangaikia ile mashine siku mbili, nimeinyoosha, nimeipaka mafuta, kwangu inaandika vizuri, kwake inaruka. Mzee akamkalisha, akasikiliza, akafumbua macho. "Mwanangu," akamwambia, "hiyo pete." Pete yake ilikuwa kubwa, ikigusa herufi ya jirani. Akaivua, mashine ikapona. Mimi nilicheka sana. Nilidhani ni kichekesho cha kazini, kumbe nilikuwa nafundishwa.

Halafu ikaja ile miaka ya kupunguzwa kazi. Ofisi zikaunganishwa, taipureta zikarundikwa stoo, na mimi nikapewa barua yangu ya kuachishwa, iliyochapwa kwa mashine niliyokuwa nimeitengeneza mwenyewe wiki ile. Ilichapwa vizuri, siwezi kulalamika. Nikaenda Morogoro kusoma kompyuta, nikiwa mwanafunzi mkubwa kuliko mwalimu. Kompyuta ya kwanza niliyopewa kuihudumia niliifanyia kama taipureta: nikatia mafuta ya cherehani pale panapoingia disketi. Disketi ilitoka inang'aa kama chapati. Mwalimu aliketi chini, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na mpango wa kuikaanga.

Niliporudi Kilosa nikafungua chumba cha ufundi karibu na stesheni. Kazi zilikuwepo. Miaka ile kompyuta za mtumba zilianza kuingia kama nguo. Kila shule na kila ofisi ikitaka yake, na aliyejua kuifungua nilikuwa mimi.

Peresi alikuwa mwenzangu tangu utoto. Tulitoka wote upande wa Berega, tukalala bweni moja shule ya misheni. Alikuwa na mbio kuliko wasichana wote, tukamwita Mshale. Lakini hayo yalikuwa zamani. Wakati ninaousema alikuwa mkuu wa shule ya sekondari pale Mikumi, karibu na barabara kuu, na hakuna aliyethubutu kumwita jina lolote ila Madamu. Alitembea mikono nyuma. Wanafunzi wakiona kivuli chake wanachomekea mashati. Mume wake alikuwa amefariki, watoto wako Dar, naye akiishi peke yake kwenye nyumba ya shule.

Shule ilipata kompyuta moja kutoka kwa wageni wa kanisa, imetumika lakini nzima, na ndani yake kumejaa vitu ambavyo wenyewe hawakuvifuta. Peresi akaiheshimu mno. Akamwita seremala atengeneze kabati la mninga lenye milango na kufuli, kwa ajili ya wezi na vumbi la malori. Skrini na kibodi vikakaa mezani, mashine yenyewe ndani ya kabati, na juu yake akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi wa sufu.

Siku moja akanipigia simu. "Damari, ile mashine inazimika yenyewe."

"Ikiwa inafanya nini?"

"Ikiwa inafanya kazi. Inafanya nini kingine?"

Nikapanda basi la asubuhi. Nilipofika, mchapaji wa shule alisimama, akaniamkia, akanipisha kiti chake. Aliitwa Kabula. Alikuwa binti wa familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kule chini, upande wa Zombo. Alimaliza kidato cha nne, akasomea uchapaji Morogoro. Miaka ile kulikuwa na maneno mengi kati ya wenye ng'ombe na wenye mashamba, na maneno hayo yaliingia hata kwenye chumba cha walimu. Nilimsikia mwalimu mmoja akisema, "Watu wa ng'ombe, kompyuta wameijulia wapi?" Kabula aliendelea kupanga karatasi zake. Mimi nilipokaa kwenye kiti chake, yeye alikwenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani, akiniangalia ninavyofanya.

Nikaiwasha. Nikaandika barua za uongo saa mbili nzima. Haikuzimika. Nikabadilisha waya wa umeme, nikapuliza vumbi juu juu, nikarudi Kilosa.

Jumamosi ile ile ikazimika mara mbili. Nikaenda tena, safari hii nikaibeba mpaka kwenye karakana yangu. Nikaiacha inawaka wiki nzima juu ya meza, mchana kutwa, nikaichapia mpaka vidole vikauma. Nzima kabisa. Nikairudisha kwa basi, nikamkabidhi kondakta. Hazijapita hata siku mbili, simu inalia: "Damari, imezimika."

Hapo mniangalie vizuri. Mashine inaugua kwao, mimi naipima kwangu. Kwangu haikuwa na kabati, haikuwa na kitambaa, na haikufanya ile kazi iliyokuwa ikiifanya kule. Ni kama kumpima mtu homa baada ya kupona. Siku hizi ningejua. Siku zile nilikwenda mara ya tatu, nikabadilisha kadi yake ya kumbukumbu, nikafunga kava, na Peresi akaniuliza mbele ya makamu wake, "Sasa fundi, tatizo lilikuwa nini?"

Sikujua. Ningesema sijui, mambo yangeishia pale. Lakini nilikuwa nimekwenda mara tatu, na makamu ananitazama. Nikaona disketi mbili kwenye meza ya Kabula.

"Labda ni disketi," nikasema. "Disketi za nje huwa zinaleta virusi."

Nilisema kama mtu anavyosema labda mvua itanyesha. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Kabula alikuwa kwenye benchi lake.

Wiki chache baadaye Peresi akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya ofisini. Kompyuta imezimika tena, akasema, na Kabula ameshaandikiwa barua ya onyo. Ijumaa bodi ya shule inakaa, itaamua kama anafaa kuendelea. "Njoo na ripoti ya maandishi. Uyaeleze yale ya disketi, yakae kwenye faili."

Nikaitikia. Nikakaa mezani kuandika. Nikaandika "Nimegundua kwamba", halafu kalamu ikasimama. Sikuwa nimegundua kitu chochote. Niliitazama ile karatasi mpaka chai ikapoa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi niliona aibu nikiwa peke yangu.

Jumatano nikaenda Mikumi bila kumwambia Peresi. Kumbe naye siku ile aliitwa Kilosa kwenye kikao; tulipishana njiani. Ofisini alikuwepo Kabula tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapana, usinipishe. Leo kaa wewe. Nionyeshe inavyozimika."

Akakaa. Akaweka mikono kwenye kibodi, akaiondoa. "Siwezi kukuonyesha, mama. Sijawahi kuiona ikizimika."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Naondoka saa tisa. Asubuhi nikija naambiwa jana imezimika."

"Mkuu ulimweleza?"

"Nilimweleza kwamba mimi haijanizimikia. Akasema naleta ubishi."

Nikavuta lile benchi, nikakaa mimi. "Haya, fanya kama unavyofanya kila siku, tangu unapoingia."

Akafungua kufuli. Akafungua milango yote miwili ya kabati, akaiacha wazi. Akaondoa kitambaa cha sufu, akakikunja, akakiweka kando. Ndipo akawasha.

"Mbona unaacha wazi?"

"Ikifungiwa feni inalia kama inataabika. Nikaona niiache ipumue."

Mimi na cheti changu cha Morogoro nilikuwa nimekwenda pale mara tatu, na kila mara nilikuta kabati limeshafunguliwa na kitambaa kimeshakunjwa, kwa sababu Kabula alikuwa ameshafanya hivyo kabla sijaingia. Tiba ilikuwa inaendelea mbele ya macho yangu na sikuiona.

"Na baada ya saa tisa, nani anaitumia?"

Aliangalia kibodi. "Funguo ziko mbili, mama," akasema taratibu. "Moja ninayo mimi." Nami sikumlazimisha aseme ya pili.

Nikaomba kiti, tukabadilishana. Muwe na tabia hii: mkishindwa kupata jibu kwa mtu, angalieni tarehe na saa za mafaili. Barua, mitihani, orodha za wanafunzi, vyote viliandikwa kabla ya saa tisa, Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini kulikuwa na folda moja iliyoguswa jioni jioni, na Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Nikaifungua. Ofisi ikajaa muungurumo wa injini. Ilikuwa gemu ya mbio za magari.

Kabula akainuka. "Nakwenda kuchemsha chai," akasema, akatoka. Alikuwa amelelewa vizuri yule binti.

Kwenye skrini ilikuja orodha ya washindi, nafasi ya kwanza hadi ya kumi. Zote kumi jina moja: MSHALE.

Nilicheka mpaka nikavua miwani nifute machozi. Halafu nikaikumbuka ile barua ya onyo, kicheko kikakauka.

Bado nilitaka kujua kwa nini inazimika, maana kumjua mchezaji hakutoshi. Nikajiuliza: mtu asiyetaka kusikika nje angekaaje hapa? Angezima sauti. Angefunga milango ya kabati ili mlio wa feni usitoke. Na kwa kuwa ni Peresi, angerudisha kitambaa. Nikafanya vyote hivyo, nikaanza kuendesha. Sijawahi kuendesha hata baiskeli vizuri. Niligonga ukuta, nikaingia mtaroni, nikaendesha kinyume na wenzangu wote. Baada ya muda picha ikaganda, gari langu likiwa hewani. Skrini ikawa nyeusi.

Nikafungua kabati, nikaingiza mkono. Joto lilinipiga kama nimefunua sufuria.

Maelezo yake ni mepesi. Ukichapa barua, kompyuta inafanya kazi kama lori tupu kwenye tambarare. Ukiipa gemu, ni lori lililopakia, linapanda mlima, na lisipopata hewa litachemka. Ile yetu ilichemka ndani ya sanduku la mninga lililofungwa, na ikichemka inajizima ili isiungue. Nilipofungua kava nikaikuta feni ya prosesa, ule ubongo wa mashine, imevikwa blanketi, nusu vumbi la barabara, nusu nyuzi za sufu; mara ya tatu niliipita bila kuiangalia. Nikasafisha kwa brashi ya rangi, nikapaka dawa mpya ya kupoza prosesa, nikaacha milango wazi, nikacheza tena saa nzima. Haikuzimika. Ile saa nzima niliihesabu kuwa uchunguzi.

Peresi alirudi saa kumi na moja jioni. Kabula alikuwa ameshaondoka.

"Umekuja mapema. Umeona tatizo?"

"Nimeliona."

"Disketi?"

"Mshale," nikasema.

Alisimama. Akaenda kufunga mlango wa ofisi, na aliporudi akaongea Kikaguru, lugha tuliyokuwa tukichapwa kwa kuiongea bwenini.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

Akakaa kwenye benchi la Kabula bila kujua ni la Kabula. "Nikifika nyumbani napika chakula cha mtu mmoja," akasema. "Nakula nimesimama. Nilikuja jioni moja kutafuta ratiba, nikakuta ule mchezo. Nikaendesha. Damari, nilisahau kuangalia saa. Tangu mume wangu afariki sikuwahi kusahau kuangalia saa."

"Gemu sina neno nayo. Na Kabula je?"

"Wewe ndiye uliyetaja disketi."

Kweli. "Niliropoka, Peresi. Ulijua kwamba naropoka?"

"Nilijua inazimika nikiwa nacheza. Sababu sikuijua. Ulipotaja disketi, nilishusha pumzi."

Nilimpenda kwa kulisema hilo, na nilimkasirikia vile vile. Akaniambia niandike joto tu, nisitaje gemu, binti atabaki kazini na mambo yataisha. Nami ripoti niliiandika hivyo kweli: mashine ilizidiwa na joto kwa kufungiwa kabatini, mchapaji hana kosa, na maneno yangu ya awali kuhusu disketi niliyasema bila kupima chochote. Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika mara mbili, ya kwanza niliikata.

"Bodi nitaipa hii," nikamwambia. "Lakini Kabula utamwambia mwenyewe."

"Mkuu wa shule amweleze mchapaji wake kwamba anacheza gemu?"

"Mkuu wa shule amweleze mchapaji kwamba alimsingizia."

Nililala kwake. Alipika chakula cha watu wawili na tulikula tumekaa.

Asubuhi alimwita Kabula ofisini. Alisimama mikono nyuma, kama anavyosimama paredi, lakini maneno yalitoka kidogo kidogo.

"Kabula. Kompyuta ilikuwa inazimika mimi nikiwa nacheza gemu ya magari."

"Najua, Madamu."

Peresi alinitazama, nikatikisa kichwa, sikuwa nimemwambia. "Unajua?"

"Kila Jumatatu nilikuta jina limeandikwa kwenye orodha ya washindi. Mshale simjui, ila funguo ni mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani, Madamu?"

Sauti yake haikuwa ya ukali. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Peresi alifungua faili, akatoa ile barua ya onyo, akaichana, akasema, "Nisamehe." Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu aliye chini yake, kabla wala baada.

Ijumaa bodi ikakaa. Mimi niliitwa, nikasoma ripoti yangu. Nilidhani imekwisha. Peresi akasimama, akasema anataka kuongeza kwamba mashine ilikuwa ikizimika mikononi mwake yeye, baada ya saa za kazi, na barua aliyompa mchapaji ilikuwa ya makosa. Mjumbe mmoja, mzazi, akauliza, "Ukifanya nini, Madamu?"

"Nikicheza mbio za magari."

Mwenyekiti akaanza kucheka, wote wakacheka, mjumbe mwingine akauliza kama na yeye anaweza kuja kujaribu. Wakahamia kwenye ajenda ya vyoo vya wasichana. Lile jambo alilolificha miezi yote, hata likamponza binti wa watu, lilichukua muda wa kicheko kimoja.

Nilirudi ofisini kuchukua mkoba. Kabula alikuwa mezani na karatasi za kikao mbele yake. Nikaona siwezi kuondoka hivi hivi.

"Kabula, na mimi nimekukosea. Nilitaja disketi zako nikiwa sijui kitu."

Aliweka karatasi chini. "Mama, ulikuja mara tatu," akasema. "Mara zote tatu nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza, ningekujibu."

Nikasema ndiyo tena. Aliniambia safari njema, mama, kwa heshima yote, lakini hakutabasamu, na sikuwa na haki ya kumdai tabasamu. Akageukia skrini, akaanza kuchapa muhtasari wa kikao. Nilikuwa bado nafunga zipu ya mkoba alipofika kwenye ule mstari uliomhusu yeye. Hakusimama wala hakupunguza mwendo. Aliuchapa kama ambavyo angeuchapa ule wa vyoo, bila kukosea herufi hata moja.